Pamba na Fedha

Niliinunua kwa kilo, pale Mabatini,
kati ya rejeta na minyororo ya baiskeli.
Mwenye mizani akaguna: "Shaba, dada, ni kilo mbili na robo.
Mbao nakupa bure, ukawashie jiko."
Sikumwambia kwamba ndani ya shaba mna jicho.

Mende walikuwa wamekula mvukuto,
wakaacha mikunjo kama mbavu za dagaa.
Kwenye lenzi ukungu ulikwishaota mizizi,
maana hewa ya ziwa hili haiachi kitu kikae kikavu,
hata chumvi, hata kinyongo.

Nikashona mvukuto mpya kwa ngozi ya mbuzi,
mara tatu nikikosea mkunjo,
Ng'wandu fundi viatu akicheka:
"Hicho kinanda kitapigwa lini?"
Lenzi nikaisugua kwa kanga kuukuu, na mate, na subira.
Mikwaruzo miwili nikaiacha.
Ina umri wake, na ujulikane.

Ikabaki dawa.
Pamba alinibebea baba kutoka Kwimba,
mbegu nikazitoa kwa vidole.
Nikaiosha kwa asidi, nyumba nzima ikakohoa,
nikaianika, nikaiyeyusha katika spiriti na etha
ikawa ute mwembamba, unaong'aa
kama njia ya konokono juu ya jiwe.

Baba alitazama kwa mbali, amekunja mikono.
"Miaka thelathini nimepeleka pamba safi kwenye mizani yao.
Wanaandika fifi. Wananipa karatasi.
Fedha sikuiona."
"Leo utaiona," nikasema,
nikakizamisha kioo katika maji ya fedha,
gizani, taa nyekundu, dakika tatu,
kikatoka na utando wa maziwa.

(Vidole vyangu vilikaa vyeusi wiki mbili.
Muuza nyanya akauliza nimepiga kura mara ngapi.)

Vioo vitatu vya kwanza, moshi mtupu:
niliosha kwa maji ya ziwa, nayo yana kijani chake.
Nikaanza kukinga ya mvua.
Cha nne kikanipa mawe ya Kirumba.
Mawe ni wateja wazuri, hayapepesi, hayaulizi bei.
Cha tano kilinasa mdudu wa ziwa,
siku ile wingu lao lilipofika mpaka sokoni.
Yumo hadi leo, mbawa zote mbili,
angani juu ya Bugando, mkubwa kuliko hospitali.

Cha sita, baba.
Kiti, ukuta, jua la saa nne,
shati jeupe la mikono mirefu, la kanisani.
"Usicheke. Usinitazame mimi, litazame jicho."
Nikajifunika kaniki ya marehemu mama.
Humo ndani baba alikuwa miguu juu, kichwa chini,
mdogo kama punje,
na mkono wa kulia ukitetemeka gotini
kama unavyotetemeka tangu mwaka juzi.
Nikavua kifuniko.
Sekunde kumi na mbili, nikihesabu kwa Kisukuma,
polepole, kama alivyonifundisha
kuhesabu ng'ombe ambao hatukuwa nao.

Dawani likatangulia shati,
kisha mashavu, kisha paji,
kama mtu anayekuja kutoka kwenye umande.
Nikakipaka sandarusi, nikakilaza juu ya kaniki ileile.
Alikuwemo, kila kunyanzi, kila kifungo,
isipokuwa ule mkono.
Gotini palikuwa na kitu cheupe, laini, kimefumuka,
hakina vidole.

Nikaanza kuomba radhi.
Kesho tutarudia, tutaegemeza mkono,
tutaufunga kwa kamba ya kiti.
Akakisogeza kioo karibu na macho.
Akakipima kiganjani, juu, chini.

"Acha," akasema.
"Hiyo si fifi."