Breki za Usiku

Lilianza kama sikio.
Daktari wa masikio akachungulia kwa kurunzi,
akasema sikio ni zima, safi kama kikombe kipya.
Kisha likawa jino. Gego la chini, kulia,
likang'olewa siku ya theluji ya kwanza
na mizizi yake yote miwili,
na maumivu yakabaki palepale, kama mpangaji
asiye na habari kwamba nyumba imebomolewa.

Tampere, Januari. Jua linachomoza saa tatu na nusu
na saa tisa limekwisha choka.
Hilkka anaendesha tramu, Hervanta hadi mjini, anarudi.
Akipiga mwayo, taya linalia: ta!
Mkate wetu mweusi, mgumu kama kibao,
ameanza kuuchovya kwenye supu ya samaki
kama mama yake alivyofanya mwaka wa mwisho.

Daktari Rautakoski hakushika kekee.
Aliweka vidole viwili mbele ya masikio yake.
"Fungua. Polepole. Funga. Tena."
Akapima kwa rula kati ya meno ya juu na ya chini:
milimita ishirini na nane.
Akaona taya halishuki wima, linakwenda kombo,
linarudi, kama mlango wenye bawaba moja iliyolegea.
"Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu,
hakizidi ukucha. Kimeteleza.
Mlio huo ni mfupa ukikirukia."
Akabonyeza shavu. Hilkka akashtuka.
"Misuli hii imefanya kazi ya ziada.
Nani anakuajiri usiku?"
Halafu akanigeukia mimi, niliyeketi karibu na makoti:
"Na wewe unayelala ubavuni pake, unasikia nini?"

Nilisikia. Miaka miwili nilisikia.
Mkerezo, kama kiti kinachoburutwa juu ya changarawe.
Nikageukia ukutani.
Kwetu mtu hamuulizi mwenzake mambo ya usingizini.
Kimya kingi kina mshindo mkuu,
na mshindo wenyewe nilikuwa nikiulalia.

Nikasema: anasaga meno. Kuanzia saa nane.
Tangu Machi ile, pale mteremkoni,
mtoto alipoteleza ndani ya karai jekundu la plastiki
akakata reli.
Tramu ilisimama. Palibaki hatua moja.
Mtoto akacheka, akakung'uta theluji, akaondoka.
Ripoti ikaandikwa: hakuna kilichotokea.
Hilkka alitazama viatu vyake.
Kumbe kila usiku alikuwa akifunga breki,
kwa meno.

Tulirudi na kinga ya plastiki ndani ya kisanduku cha buluu,
na maneno niliyoyabandika kwenye friji:
*midomo ikutane, meno yaachane,
ulimi ulale darini mwa kinywa.*
Anayasoma kwenye taa nyekundu, kila taa nyekundu.
Jioni, kitambaa cha maji ya moto. Uji wa shayiri.
Kisha namkanda shavu, viduara vidogo vidogo,
vidole vyangu vya mtu wa kiwanda cha karatasi
vikijifunza upya mahali ambapo havijafika siku nyingi.

Jumamosi, ndani ya sauna, mvuke ukipanda,
taya lake likashuka lenyewe.
"Kofia ilikuwa ya njano," akasema.
Sikuuliza kofia gani.
Nikamwaga maji mengine juu ya mawe.

Rula sasa inasema thelathini na nne.
Ta! bado ipo, hasa akila tufaha,
na daktari anasema huenda itabaki,
mlio usiouma hauna haja ya kufukuzwa.
Lakini plastiki ina alama, kwa hiyo najua.
Ikifika saa nane, nikisikia,
sigeukii ukutani. Naweka kiganja shavuni:
"Imesimama, Hilkka. Imeshasimama."
Na meno yanaachana.
Mara nyingine yanaachana.