Hicho Kinachofanya "Ta"

Juzi kaskazini ilikuwa kwenye mnara wa simu.
Jana, saa moja asubuhi, ilihamia chooni kwa Mzee Mahundi,
mshale mwekundu ukatetemeka hapo bila aibu.
Chilongani aliegemea sururu akinitazama.
Analipwa kwa shimo, halipwi kwa kusubiri.

"Mama Nyemo, nichimbe kuelekea wapi?"

Daftari la marehemu linasema: mistari ya zabibu
itoke kaskazini iende kusini, majani yagawane jua,
upande huu upate la asubuhi, ule upate la jioni.
Ameandika kwa kalamu ya bluu, akapigia mstari mara mbili,
kama mtu aliyejua sitapata wa kumwuliza.

Simu nayo ni yake. Na kava, la ngozi ya bandia,
ulimi wake hujifunga wenyewe, ta!,
kama mdomo wa mtu mwenye siri.
Mfukoni mwake mna picha ya pasipoti
na risiti ya dawa ya ukungu, soko la Sabasaba,
elfu kumi na nane, wino umefifia.

Malori ya Iringa hupita pale barabarani.
Nayajua. Yanakwenda kusini, na yamekwenda kusini
tangu nikiwa mtoto wa kubebwa.
Simu ilisema yanakwenda magharibi.
Mmoja wetu hakujua Iringa iliko.

Basi nikaanza matibabu.
Nikatoka chini ya bati la banda.
Nikayapa mgongo matita ya waya, na nguzo zenye nondo.
Nikavua hata bangili.
Kioo kikaandika: *Usahihi mdogo. Chora namba nane hewani.*
Nikachora. Nane za kusimama, nane za kulala,
mkono ukipanda na kushuka
kama wa mwalimu wa kwaya aliyekimbiwa na waimbaji.
Wajukuu wa Mahundi wakajipanga uani:
"Nane! Nane tena! Mama Nyemo anafukuza nyuki!"
Mshale ukazunguka, ukafikiri,
ukarudi chooni.

Chilongani hakusema neno.
Akachomeka kijiti mchangani,
akaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli,
akaketi kutafuna karanga.
Nusu saa.
Akaweka kokoto ya pili, akavuta ugwe kutoka hii hadi ile.
"Magharibi hapa. Mashariki hapa.
Sasa iulize hiyo simu yako imelalia ubavu gani."

Kisha akanyoosha kidole, polepole,
kwa sauti ya mtu anayegusa kidonda kisicho chake:
"Ni hicho. Hicho kinachofanya *ta*."

Nilijua. Nadhani tangu juzi nilijua.
Sumaku ndogo kama punje ya hindi, imeshonewa kwenye ulimi wa kava.
Nilikuwa nimekimbia kila chuma cha Mpunguzi
nikiwa nimekishika hiki.

Kulivua kulichukua muda, lilikuwa limezizoea pembe zake.
Simu ikatoka nyembamba, baridi,
ina ufa mgongoni, mrefu, ambao sikuwahi kuuona.
Aliiangusha lini?
Hakuniambia.

Nane moja tu.
Mshale ukatulia, ukaukata ugwe wa Chilongani katikati,
wima, au karibu wima: ulipungua upana wa kidole.
"Hicho kidole tutagawana," akasema,
akatema ganda, akainua sururu.

Shimo la kwanza lilikwisha saa nne kasorobo.
Udongo mwekundu, mkavu hadi kiwiko.
Picha na risiti nikazitia ndani ya daftari,
kwenye ukurasa ule wa mistari miwili.
Kava nikalitupia kwenye kopo la misumari, nikalisahau,
au nikajaribu.

Jioni nikafungua kopo kutafuta ya inchi tatu.
Misumari ilikuwa imeng'ang'ania ule ulimi, imesimama juu yake,
vichwa huku na huku,
kila mmoja na kaskazini yake.