Nenda Machi

Umenipigia usiku, Lusekelo, kutoka Tunduma,
sauti imejaa furaha ya mtu aliyeonyeshwa kiwanja:
robo eka, Isyesye, mtelemko kidogo tu,
na dalali anasema kuna wengine watatu wanakitaka.
Daima wapo watatu.
Mwaka nilionunua mimi walikuwepo hao hao,
hadi leo sijawaona.

Usilipe. Ngoja Machi.
Agosti kila ardhi ya Mbeya ina adabu:
baridi imekaza njia,
hata bonde hujifanya uwanda.
Nenda Machi, siku ya tatu ya mvua, uvae mabuti,
usimame katikati, usikilize chini ya nyayo.
Maji yana kumbukumbu ndefu kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Bikoni uzione, uziguse.
Moja ya kwangu ilikuwa na miguu;
jirani aliing'oa akapanda mparachichi.
"Mche hauna kosa," akasema,
na kweli, mche haukuwa na kosa.

Uliza barabara mpya itapita wapi
kabla alama nyekundu haijakujibu ukutani.
Hesabu hatua mpaka nguzo ya mwisho ya umeme.
Nenda bombani, mwulize mtoto mwenye ndoo
maji hutoka saa ngapi.
Dalali atasema muda wote.
Mtoto atasema saa tisa usiku.

Na kodi usiipigie hesabu ya miezi kumi na miwili.
Wanafunzi hufunga chuo, hurudi kwao.
Vyumba vyangu vinne pale Iyunga vina mwaka wa miezi tisa,
iliyobaki ni ya panya na ya fundi rangi.
Anyelwisye alinilipa Juni kwa gunia la maharage.
Mimi nililipokea. Benki haikulipokea.

Lakini hayo utayasikia kwa yeyote.
Langu mimi ni la mlangoni.

Siku ile, Itezi, tulikaa uani kwa Mwasulama,
karatasi juu ya stuli, mashahidi wawili, wino wa dole gumba,
milioni nane zimefungwa kwenye gazeti.
Mkewe alisimama mlangoni, mikono ina unga.
Nikamsalimia, akaitika,
akatazama nyuma yangu, kwenye matuta ya viazi
yaliyokuwa yameanza kutoa maua.
Na mimi nikageuka, nikayaona maua.
Nikasaini.

Tulikutana tena baraza la ardhi, miaka miwili ya Jumanne,
yeye na kanga yake ile ile, mimi na faili.
Anaitwa Tupokigwe. Nililisoma kwenye shauri:
jina la mtu, kwa milioni nane na nauli.
Shamba alilirithi kwa mama yake,
na mumewe hakuwa na zaidi ya deni na kalamu.
Alishinda. Sikukata rufaa.
Wakili akanishangaa: "Lakini mashahidi unao."
Ninao, nikamwambia, na wa tatu ni mimi,
niliyeuona unga.

Mwasulama alikwenda Chunya na fedha zangu.
Wanasema anatafuta dhahabu. Na apate, anilipe.

Siku hizi viazi vya genge langu nanunua kwa Tupokigwe.
Hunijazia debe mpaka lifanye kilima,
na ardhi hatuizungumzi.

Basi, kabla ya hati, kabla ya dalali na watatu wake,
uliza: mama mwenye nyumba yuko wapi?
Wakisema amesafiri, subiri arudi.
Wakisema amekubali, akwambie mwenyewe,
asubuhi, akiwa amekaa, mikono mikavu.
Kisha uliza matuta yale ni ya nani.

Nauli ya Machi nitakutumia.
Mabuti usinunue, yangu yapo nyuma ya mlango.
Yana tope la Itezi bado; sikulisafisha.