Kilomita za Kurudi

Ofisi yetu ya Wete ina dirisha moja,
na nyuma ya dirisha hilo nimo mimi,
Mgeni binti Khatib, karani wa mita,
mgeni kwa jina tu, nimezaliwa Bopwe.

Mwisho wa mwezi magari hunijia kwa namba, si kwa honi.
Kijisanduku cheusi chini ya usukani kimeshahesabu yote:
ya Chake, ya Konde, ya Mkoani bandarini,
hata zile mita kumi na tano za kutafuta kivuli.
Zamani ushuru ulijificha ndani ya petroli,
ukaingia na lita, ukatoka na moshi,
wala hapana aliyeuona uso.
Sasa una uso. Una uso wangu.

Shaame Asaa wa Makangale ana Suzuki keri nyeupe,
mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya usumba.
Msimu ukiwapo hubeba karafuu,
usipokuwapo hubeba mihogo, mabati, viti vya harusi za watu.
Husimama dirishani, kofia mkononi,
na kila mwezi huniuliza lile lile:
"Kwenda nna mzigo, haya, nilipe.
Kurudi sina kitu. Utupu nao una uzito?"

Namwambia barabara haijui ulichobeba, yajua magurudumu.
Namwambia lile shimo la Finya limezibwa kwa pesa hizi
(kweli lilizibwa; limefumuka upande wa pili).
"Na gari la ng'ombe la Hamad Mcha?" hunirudi.
"Lile lina vyuma, laila lami kucha kutwa,
na ng'ombe hana mita."
Sina jibu la ng'ombe.
Mwongozo hauna ukurasa wa ng'ombe.

Najua kinachomkera.
Yuko mtu Chake ana gari pana kama sebule:
nyumbani, dukani, msikitini, nyumbani,
kilomita tisa kwa wiki,
analipa hela ya kununulia urojo.
Shaame anakaa huko ncha ya kisiwa, nyuma ya msitu wa Ngezi.
Umbali hakuuchagua. Aliurithi,
pamoja na mikarafuu kumi na minne na kisima cha chumvichumvi.

Mwezi wa nne nikaifungua karatasi yake.
Masika. Mvua siku sita haijapumzika,
mikarafuu haina hata kikonyo.
Safari zote fupi, ila moja:
usiku wa kuamkia tarehe kumi na moja, saa nane na dakika nne,
Makangale hadi hospitali hapa mjini,
kilomita thelathini na mbili, mbio.
Gari likasimama saa tatu.
Kisha thelathini na mbili za kurudi, taratibu mno,
kifaa kimeandika mwendo wa mtu aliyepakia mayai,
au asiyetaka kufika.

"Mzee Shaame, hii si ya biashara," nikamwambia.
"Ya mgonjwa hailipiwi. Kuna fomu ya kijani.
Nipe jina na cheti cha hospitali."

Akaitazama fomu kama mtu anayetazama maji ya kisima.
Nyuma yake foleni: wawili wa Konde, mwalimu wa Micheweni,
kijana wa bodaboda aliyeacha kutafuna ili asikie.
"Jina la mgonjwa," nikasoma. "Jinsia. Umri."
Nikasoma tena, "Umri,"
na safari hii nikajisikia mwenyewe.

Akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
"Aliyekwenda ni binti yangu.
Tuliyerudi naye mapajani hana umri.
Hata jina hatujawahi kumpa."
Halafu akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kusikika na foleni:
"Andika karafuu, mwanangu."

Karafuu, mwezi wa nne.
Nikaandika.
Kilomita sitini na nne.
Akalipa zote, noti zimekunjwa ndogondogo kama hirizi,
na za kurudi
hakuniuliza.