Moshi Bila Moto

Asubuhi, Kiusa. Tumeziba chemba mbili,
Kileo akawasha feni, tukaupuliza moshi
chini ya mtaa, mweupe kama ukungu wa Kibosho.

Mama Ndeshi ndiye aliyetuita:
kila masika, maji ya choo mlangoni.
"Mtafuteni huyo aliyekosea bomba."

Tukasubiri.
Kuku wakanyamaza.
Kisha gata la nyumba yake mwenyewe
likaanza kuvuta sigara.

Akaja mbio na ndoo: "Moto!"
Hakuna moto, mama.
Panapofuka moshi, hapa, pana mvua;
mvua ya bati lako
imeozeshwa kwa bomba la maji taka.

Aliishika ndoo muda mrefu.
"Marehemu ndiye aliyeunga," akasema,
akaimwagia migomba maji yote,
polepole.