Mwili Mpya, Macho Yaleyale

Ndani ya mtungi wa plastiki uliokuwa wa mchele
nimezilaza lenzi zangu tatu
pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu,
vile vilivyoandikwa usile,
nilivyookota kwenye maboksi ya viatu dukani kwa shemeji.
Mombasa haimpendi mwenye vioo.
Unyevu huingia bila hodi,
ukungu ukaota ndani ya jicho kama mvi:
uzi mmoja, kisha kichaka.

Ya kwanza naiita Hamsini.
Niliipata kwa zamu yangu ya mchezo,
mwaka ule mshika pesa alipohamia Lamu na zamu mbili za wenzetu.
Ya pili, Themanini na Tano,
ni bangili ya dhahabu, ya mkono wa kushoto.
Ya kulia imebaki, haina wa kugongana naye.
Ya tatu, ile pana, imezayo ukumbi mzima,
nilimlipa Bi Thureya mwezi kwa mwezi,
miezi kumi na minne;
wa kumi na tano akaniletea sahani ya kaimati.

Mwili wa kamera sikuwahi kuuhesabu.
Mwili huchakaa tu.
Raba ya kiganjani ilibanduka, nikaigandisha kwa gundi ya viatu,
na gizani picha zikatoka chembechembe
kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Na usiku wa kupamba ni giza la makusudi:
vitaa vya rangi, moshi wa udi,
wanawake mia tatu wamevua mabuibui
kwa kuwa mwenye kamera ni mwenzao.
Wamenisitiri kwa imani.
Niwarudishie nyuso za mchanga?

Nikapanda ngazi kwa Murtaza, mtaa wa Biashara.
Akanitilia mkononi kamera mpya, nyepesi kama sinia tupu.
"Hii yaona gizani kuliko paka wa Kibokoni."
Nikatoa Hamsini mkobani.
Shingo ikakataa.
Nikaizungusha kushoto, kulia,
kama mfuniko wa chupa ya jirani.
"Dada Saumu, shingo zimebadilika.
Niuzie zote tatu, uongeze kidogo, nikupe moja mpya."
Akataja bei.
Dhahabu imepanda mara tatu tangu niivue.
Kioo kimeshuka.
Nikanyamaza, nikaitazama feni yake.

Akaona. Akafungua droo ya chini,
akaweka juu ya meza pete nyeusi ya chuma, tupu katikati:
upande huu yashika mwili mpya,
upande huu yashika jicho la zamani.
Bei yake beberu wa Idi, mwenye pembe.
Nikacheka mpaka mteja wa nyuma akageuka.
Miaka kumi na mmoja napiga picha za harusi,
kumbe na hii ndoa yataka pete!

Mwili wa zamani nimemwachia Kadzo wa Kisauni,
anayenibebea taa.
Atalipa polepole. Sijamwambia miezi mingapi.

Usiku wa kwanza, ukumbi wa Tononoka.
Bibi harusi, Shamsa, juu ya kiti,
hina na piko mpaka kiwiko, macho chini.
Nikapiga. Nikapiga tena.
Ile ya zamani ilikuwa ikipiga kofi, kacha,
na bibi harusi akajua sasa apumue.
Hii haina neno.
Nimeshapiga thelathini, yeye angali amekaza shingo,
jasho likitafuta njia kandoni mwa wanja.
"Bado?" akauliza bila kutikisa midomo.

Nikaitazama picha kwenye kioo cha nyuma:
kila uzi wa leso wahesabika gizani,
na pembeni, pale Hamsini ilipoota mvi yake,
taa moja imevaa ukungu kama shela.
Sikuifuta.

Nikainua tena, nikalenga.
"Kacha," nikasema, kwa ulimi wangu mwenyewe,
na safu ya mbele ikaangua kicheko,
na Shamsa akapumua.