Kodi ya Mwandiko

Dukani Dundee, mvua ikipiga kioo kwa ubavu,
kijana aitwaye Struan ananiwekea vishikwambi viwili kauntani,
vya kijivu, kimya, kama vigae vilivyolowa.
"Andika," asema. Naandika: Mwanakombo.
Wino usio wino waifuata kalamu,
na ule mkwaruzo, wallahi, ni karatasi tupu.

Bei naiona. Pauni mia tatu tisini na tisa,
na peni tisini na tisa za kumhadaa mjinga.
Nauliza: na baada ya hapo?

Baada ya hapo, asema akikwepa macho yangu,
ni pauni saba na nusu kila mwezi,
kurasa zipande winguni, zishukie simuni,
mwandiko ugeuke chapa,
utafute neno, nalo likuitike.
"Na nikiacha kulipa?"
"Zitabaki. Ila za zamani hazitafunguka zote."

Nyuma ya tiketi ya basi napiga hesabu:
saba u nusu mara kumi na mbili, tisini;
kwa miaka mitano, mia nne na hamsini,
chombo chenyewe kimeshapitwa.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba hiki si changu.
Nalipa kodi ya chumba Hilltown,
nalipa ya manispaa, nalipa gesi kabla sijaiwasha;
sasa niwe mpangaji hata ndani ya herufi zangu,
mwenye nyumba abishe hodi kwenye irabu?

Tena mimi ni mkalimani.
Daftarini mwangu mshale ni *alikimbia*,
duara ni mtoto,
duara lililokatwa, sisemi.
Kikao kikiisha nauchana ukurasa
vipande vidogo, hadi hata mimi nisiweze kuusoma.
"Wingu lenu," namuuliza, "linachanika?"
Struan acheka,
kisha aona sicheki.

Jumamosi nikashuka Broughty Ferry
kwa Bwana Ogilvie, mpima ardhi mstaafu,
mikono yatetemeka, hawezi tena kuchora mstari.
Chake kina ufa pembeni, hakina taa,
mawingu hakiyajui, chajua waya tu.
Pauni mia na ishirini, na chai juu yake.
"Nimefuta kila kitu," alisema.

Hakufuta. Usiku, chini ya blanketi,
nikakuta ukurasa mmoja, herufi zikiyumba:
*maziwa*
*betri mbili*
*mpigie Ishbel, hata asipopokea*

Wiki ya tatu sasa.
Yangu nayaandika kuanzia ukurasa wa pili,
nayafuta kila jioni, kama kawaida.
Ule wa kwanza nauacha.
Yumo mle, na hatozwi kitu.